Kijitabu cha Jumamosi

Kila mtu ana kitu anachokitunza ambacho jirani yake angekitupa jalalani bila kufikiri mara mbili. Changu ni maboksi mawili ya vijitabu vya mechi, yaliyo chini ya kitanda. Wala si vijitabu vya klabu kubwa ambayo msomaji ameisikia redioni. Ni vya klabu ya mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mahali ninapoishi tangu mwaka 1994. Uwanja wetu una jukwaa moja la mbao, kibanda cha chai, na ukuta mfupi ambao mpira ukiuvuka huangukia katika bustani ya watu, nao huurudisha kwa wakati wao.

Pengine msomaji aliyezoea viwanja vya kwetu hajapata kukiona kitu hiki, kwa hiyo nieleze. Katika Uingereza, siku ya mechi, klabu huuza kijitabu ambacho wenyewe hukiita programu. Ndani yake mna salamu za mwenyekiti, maneno ya kocha ambayo kila wiki ni yale yale, habari za wageni, msimamo wa ligi, na matangazo ya biashara za mtaani: muuza nyama, fundi bomba, na mtu wa mazishi. Ukurasa wa nyuma ndio wenye thamani. Huko yameandikwa majina ya wachezaji wa pande zote mbili, pamoja na mwamuzi na wasaidizi wake. Mtu hukinunua getini, hukikunja, hukitia katika mfuko wa koti, na mchezo ukianza hukitoa kuangalia ni nani huyo mwenye namba 6 anayepiga watu viatu.

Desturi hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1882, Old Etonians walipoifunga Blackburn Rovers bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la FA kwenye kiwanja cha Oval, London, ilitolewa karatasi ya mchezo. Mwaka 2013 nakala moja ya karatasi hiyo iliuzwa mnadani kwa pauni 35,250. Bila shaka wengi waliokuwa nayo siku ile waliitupa chini wakaenda zao.

Mimi nilikulia Tanga. Tulikwenda Mkwakwani, wenye fedha kwa kulipa kiingilio na wasio na fedha kwa ujanja, na hapakuwa na karatasi yoyote. Majina ya wachezaji tuliyajua kwa masikio, kutoka kwa mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kutoka kwa watu wazima waliobishana barazani hadi kahawa ikapoa. Jezi zilikuwa na namba, lakini namba haikuwa na jina mpaka mtu aliyekaa karibu nawe akuambie. Nasi hatukuona upungufu wowote. Aliyecheza vizuri alijulikana mji mzima, na aliyecheza vibaya alijulikana zaidi.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya kwanza, nilipopewa kijitabu na mzee mmoja aliyesimama getini na mkoba wa ngozi begani, nilistaajabu. Watazamaji hatukuzidi mia moja na hamsini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wachezaji wenyewe walikuwa makarani na mafundi wanaolipwa nauli tu. Lakini mtu fulani alikuwa ameketi akayaandika majina yao yote, akayapiga chapa kana kwamba ni majina ya mawaziri. Nilikisoma chote wakati wa mapumziko, hata tangazo la mtu wa mazishi, nikaenda nacho nyumbani.

Baadaye nilikuja kumjua huyo mtu fulani. Alikuwa ndiye yule mzee wa getini, mstaafu wa reli. Kila Alhamisi aliandika, Ijumaa alikwenda kwa mpiga chapa, na usiku wa Ijumaa yeye na mkewe walikunja kurasa juu ya meza ya jikoni na kuzibana kwa stepla. Nilikwenda kuwasaidia mara kadhaa. Kazi ile ina taabu zake. Kurasa zikikaa kombo, kijitabu chote hukaa kombo. Tena kila kilichoandikwa Alhamisi huweza kuwa uongo Jumamosi: mchezaji ameumia kifundo cha mguu, mwingine amepata harusi ya dada yake. Hapo kipaza sauti hutangaza mabadiliko, na watazamaji hutoa kalamu, wakakata jina hili na kuandika lile. Nilipenda sana tendo hilo la kukata na kuandika. Watu mia moja walikuwa wakisahihisha kitabu kimoja kwa wakati mmoja.

Kisha zama zikabadilika, kama zinavyobadilika siku zote bila kutuomba ruhusa. Mwaka 2018 vilabu vya English Football League vilipiga kura kuondoa sharti la kila klabu kutoa kijitabu siku ya mechi. Hao walikuwa juu yetu kwa madaraja mengi, lakini maji hufuata mkondo. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa UVIKO-19. Viwanja vilifungwa, na vilipofunguliwa watu waliogopa hata kupokeana karatasi. Mwaka 2021 jambo likafika mbele ya kamati yetu, ambayo mimi nilikuwa mjumbe wake.

Mweka hazina alieleza kwa ufupi. Gharama ya kupiga chapa nakala moja ilikuwa imepita bei tuliyouzia. Kila Jumamosi bunda la nakala lilibaki, nalo lilirundikwa katika stoo ya nyavu na vibendera vya kona, likanyonya unyevu. Yule mzee macho yalikuwa yamemchoka, na hakuna aliyejitolea kushika nafasi yake. Kijana mmoja alisema kwamba angeweza kukitengeneza kijitabu katika kompyuta na kukiweka kwenye intaneti. Getini pangebandikwa ile alama ya mraba yenye vidoti, mtu akaielekezea simu yake, na kurasa zikafunguka, zenye rangi, tena bure. Msimamo wa ligi ungekuwa wa asubuhi ile ile, si wa Jumatatu iliyopita. Kikosi kikibadilika dakika kumi na tano kabla ya mchezo, kingebadilishwa.

Nilikuwa na kila sababu ya kupinga, na sababu moja nzito kuliko zote. Miaka miwili kabla ya mkutano ule mjomba wangu alifariki dunia Tanga. Katika ujana wake, miaka ya sabini, alichezea timu ya kiwanda kimoja, winga wa kushoto, namba 11. Baada ya arobaini binamu yangu alinipigia simu. "Kaka," aliniambia, "wajukuu wananiuliza kama ni kweli babu yao alicheza Mkwakwani. Wewe ndiye mtu wa makaratasi. Huna hata kipande kimoja chenye jina lake?" Nilikuwa nimeketi juu ya kitanda. Chini yangu palikuwa na maboksi mawili yaliyojaa majina ya watu wasionihusu kwa damu wala kwa ukoo, beki wa mwaka 1997, golikipa wa akiba aliyecheza mara moja tu. La mjomba halikuwemo popote. Nilimjibu binamu kwamba ningetafuta, nikijua fika kwamba hapakuwa na pa kutafuta.

Hata hivyo, mweka hazina alipouliza wanaounga mkono simu wanyooshe mikono, mkono wangu ulinyooka. Msomaji anaweza kuniona kigeugeu. Lakini fedha ile ya mpiga chapa ndiyo iliyokuwa ikikosekana kila tulipotaka kuwanunulia jezi watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Sikuweza kumtazama mtoto anayecheza na shati la kaka yake, kisha niseme karatasi kwanza. Tena kulikuwa na faida ambayo sikuitaja kikaoni. Kijitabu cha simu niliweza kumtumia binamu yangu. Jumamosi alikuwa akikisoma Tanga kabla ya mwamuzi kupiga filimbi Yorkshire, akanitania kuhusu beki wetu mnene. Karatasi haikupata kuvuka bahari upesi namna ile.

Mzee hakulalamika. Aliutundika mkoba wake wa ngozi kwenye msumari ndani ya kibanda cha chai. Majira ya baridi ya mwaka uliofuata alifariki. Kamati iliniomba niandike taazia, nami niliandika ukurasa mzima: reli, meza ya jikoni, kurasa zilizokaa kombo. Ilitoka katika kijitabu cha simu, na picha yake juu. Watu waliisoma wakiwa wamesimama kimya kwa dakika moja, simu mikononi. Nilijisemea kwamba hapa sasa simu imetenda kama karatasi.

Kadiri ya mwaka mmoja na nusu hivi baadaye, mjane wake alinisimamisha sokoni. Alikuwa anapanga vijitabu vya mumewe, misimu yote, naye alitaka kukiweka mwishoni kile chenye taazia. Ningeweza kumpatia? Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Nilifika nyumbani, nikafungua simu, na ukurasa haukuwapo. Klabu ilikuwa imehamia kwa kampuni nyingine ya kutunza kurasa, na misimu miwili ya vijitabu haikuhamishwa. Yule kijana alitafuta katika kompyuta yake ya zamani, akapata majalada na misimamo ya ligi. Taazia haikuonekana. Nami niliyeiandika sikuwa nimebakiza nakala, kwani nilidhani kilicho katika intaneti hakipotei.

Nilikaa usiku kucha nikaiandika upya kwa kukumbuka. Mjane aliisoma mbele yangu polepole, akasema, "Ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi." Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sidhani kwamba ubishi wa karatasi na simu ndio ubishi wenyewe. Karatasi nayo hupotea. Mwaka 1958, tarehe 6 Februari, ndege iliyoichukua Manchester United ilianguka Munich, na watu 23 walipoteza maisha, wakiwamo wachezaji wanane. Kijitabu cha mechi ya Jumamosi iliyokuwa ikifuata, dhidi ya Wolverhampton Wanderers, kilikuwa kimekwisha pigwa chapa. Kikaharibiwa, zikanusurika nakala chache mno. Tarehe 19 Februari timu ilipoingia tena uwanjani kucheza na Sheffield Wednesday, kijitabu kilitolewa na upande wa United ukiwa mtupu. Nafasi kumi na moja, bila jina hata moja, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani watakaocheza. Watazamaji waliyajaza majina kwa kalamu zao walipotangaziwa. Kinachokiokoa kitu cha namna hii ni mtu anayekichukua nyumbani na kukataa kukitupa. Karatasi ilimpa mtu huyo kitu cha kushika. Simu inatufanya tuamini kwamba kuna mtu mwingine anayetunza kwa niaba yetu, na mtu huyo mara nyingi hayupo.

Nayaona haya hata nyumbani. Siku hizi vilabu vyetu vya Tanzania hutangaza kikosi kwenye simu kabla ya mchezo, picha nzuri, majina kumi na moja yakiwa yamepangwa. Sisi tumefika kwenye simu bila kupitia karatasi, na sioni haya juu ya hilo. Lakini nauliza: mwaka 2060, mjukuu akiuliza kama babu yake alicheza Mkwakwani, picha ile ataipata wapi?

Katika klabu yetu tumepata njia ya katikati. Wengi husoma kwenye simu, na jezi za watoto zimenunuliwa. Lakini kila mechi tunapiga chapa nakala thelathini za rangi nyeusi na nyeupe. Moja hupelekwa maktaba ya mji, moja kwa mjane, na zilizobaki huuzwa na msichana mmoja wa shule aliyeuchukua ule mkoba wa ngozi kutoka kwenye msumari.

Ama kuhusu mjomba, mwaka jana nilikwenda Tanga kwa wiki tatu. Mimi na binamu tuliwatafuta wazee wanaoikumbuka timu ile, tukawaketisha barazani, tukaagiza kahawa. Tuliomba jambo moja tu, kikosi cha siku moja, ile mechi ambayo mjomba alifunga kwa mguu wa kulia ambao hakuwa akiutumia. Walibishana kutwa nzima. Mmoja alisema ilikuwa mwaka 1974, mwingine 1976. Walikubaliana juu ya golikipa, wakagombana juu ya viungo, wakapatana. Nilirudi Yorkshire na daftari, nikaandika kijitabu cha kurasa nne, nikakipeleka kwa mpiga chapa yule yule, nikatuma nakala ishirini kwa wajukuu na kwa wale wazee.

Ukurasa wa nyuma una majina kumi. Namba 11 ni mjomba. Beki wa kulia, namba 2, hakuna aliyemkumbuka jina, ingawa wote walikumbuka kwamba alikuwa mrefu na kwamba hakupenda kupiga kichwa. Nafasi yake nimeiacha wazi, na mstari chini yake, ili atakayelijua jina aliandike kwa kalamu.