Lori, Mashua na Kizibo

Wahenga walisema tembea uone, nami nilitembea nikaona. Lakini si yote niliyoyaona ni ya kujisifia. Wenzangu wa Chama cha Kiswahili mmenisikia mara nyingi nikisimulia safari hii bwenini baada ya taa kuzimwa, mkacheka hadi mwalimu wa zamu akagonga dirisha. Leo nitaisimulia yote, hata ile sehemu ambayo huwa nairuka.

Ilikuwa Novemba 2023. Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza na shule zilikuwa zimefungwa. Abti wangu, yaani ndugu yake mama, alikuwa na lori la kubeba ng'ombe kutoka Garissa hadi Mombasa. Akanichukua niwe msaidizi wa tanboi wake. Mama alikubali shingo upande. Tuliteremsha ng'ombe Mombasa salama salimini, na tulipokuwa tukijiandaa kurudi, simu ya Abti ikalia. Mfanyabiashara mmoja wa Garissa alikuwa amenunua mashua Malindi. Alimtaka Abti aipitie, aifunge nyuma ya lori, ailete nyumbani.

"Mashua?" Abti aliuliza mara mbili. "Wallahi, mashua ya maji?"

Msomaji, usimcheke Abti. Kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikuwa imetupita mfululizo. Kandokando ya barabara ya Wajir tulikuwa tumezoea kuona mizoga ya ng'ombe, ngozi imekauka juu ya mbavu. Ayeyo, nyanya yangu, alibaki na mbuzi saba kati ya kundi zima. Sasa mtu wa Garissa ananunua mashua! Hata fundi wa Malindi aliyetukabidhi alituuliza kwa kejeli, "Mnaipeleka kuvua ngamia?"

Lakini yule mfanyabiashara alijua analolifanya. Mvua za El Nino zilikuwa zimeanza. Mto Tana huanzia huko milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kutufikia. Mabwawa hayo yakifurika, sisi wa chini twaweza kupata mafuriko chini ya jua kali, bila wingu hata moja. Na maji yakipanda, mahali pa kwanza kukatika ni barabara ile ya Kona Punda, kati ya Madogo na daraja la Garissa. Wazee walioiona El Nino ya 1997 walikuwa tayari wanatikisa vichwa.

Basi Jumanne, Novemba 14, tuliondoka Malindi. Tulikuwa wanne: Abti, tanboi, mimi, na nahodha aliyeandikwa na mwenye mashua. Nahodha alikuwa Mpokomo wa upande wa Garsen, mzaliwa wa kando ya Tana, mtu wa maneno machache kabisa. Mashua yenyewe ilikuwa ya faiba, urefu wake kama futi 20, na mashine ya nguvu za farasi 40 tuliilaza ndani ya lori tukaifunika magunia. Kulikuwa pia na jaketi kumi za kuelea, rangi ya chungwa. Nakumbuka kwamba zilikuwa kumi kwa sababu nahodha alizihesabu kila jioni kama Ayeyo anavyohesabu mbuzi.

Kuvuta mashua si kazi ya mchezo. Nilidhani unaifunga tu na kwenda. Kumbe uzito ukizidi nyuma ya magurudumu ya trela, mashua hutikisa mkia na inaweza kuliangusha hata lori. Uzito ukielemea mbele kidogo, inatulia. Ukirudi nyuma, mambo yote ni kinyume: ukitaka trela iende kushoto, usukani unaukata kulia. Abti, dereva wa miaka mingi, siku ya kwanza alirudi nyuma mara sita kabla ya kufaulu, na tanboi akajificha nyuma ya gurudumu ili acheke vizuri.

Kazi yangu mimi ilikuwa kizibo. Sehemu ya nyuma ya mashua, chini kabisa, kuna tundu dogo. Mashua ikiwa barabarani, unatoa kizibo ili maji ya mvua yatoke, la sivyo inajaa kama birika na kuvunja trela. Ikienda majini, unakirudisha. Ni kipande kidogo tu, kinaenea kiganjani. Nahodha alinikabidhi akasema, "Hiki ni chako." Nikaona nimedharauliwa. Wengine wanabadilisha magurudumu, mimi napewa kizibo!

Siku njema safari ile ya zaidi ya kilomita 300 humalizika kwa siku moja. Sisi ilituchukua siku kumi na tisa. Mvua ilinyesha usiku na mchana, na kila laga, yaani ile mito ya msimu ambayo kiangazi ni mchanga mtupu, ilikuwa imegeuka mto wa kweli. Tulikuwa tukisubiri maji yashuke, tunavuka moja, tunakuta nyingine.

Lori likawa nyumba yetu. Tulilisugua kwa maji ya bahari kabla ya kuondoka, lakini harufu ya ng'ombe haikutoka na mwishowe tukaizoea. Juu tulitandaza turubali, chini mbao na magodoro mawili. Pembeni jiko la makaa, jerikeni za maji, gunia la mchele na mkebe wa nyirinyiri aliotufungia mama. Asubuhi tanboi alipika anjera zilizoungua upande mmoja, nahodha akachemsha chai, tukala miguu ikining'inia nje.

Usiku nilimwazia Ayeyo. Yeye alizaliwa katika nyumba ya kuhama, ile ya fito zilizopinda na mikeka. Wakihama, wanawake huivunja na kuipakia juu ya ngamia, na jioni inasimama mahali pengine. Yeye hana mshangao na nyumba inayotembea. Lakini alikuwa akituambia kwamba siku ya kuhama anayepakia ngamia ndiye mwenye amri, hata kama mwenye ngamia ni mwingine, kwa sababu ngamia akizidishiwa hatalalamika. Atatembea tu hadi aanguke. Niliyasikia maneno hayo tangu utotoni, yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya nane tulikwama kabisa kati ya Hola na Bura. Mbele yetu kulikuwa na laga pana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma miti mizima. Ng'ambo tuliona paa la mabati la shule.

Alfajiri ya siku ya tisa, Novemba 22, tuliamshwa na sauti ya mzee. Alikuwa na watahiniwa watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, wamevaa sare, kalamu na rula zao zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni. Mtihani wa KCSE ulikuwa ukiendelea. Jana yake walivuka wakirudi nyumbani, maji yakiwa magotini. Usiku laga ikajaa. Karatasi ya asubuhi ilikuwa saa mbili.

"Hiyo ni mashua?" mzee akauliza, kama mtu anayeogopa kwamba anaota.

Abti alijaribu kumpigia mwenye mashua. Hakukuwa na mtandao. Akashika ndevu, akatazama maji, akatazama wale watoto. "Mali si yangu," akasema. "Lakini mtihani haumngojei mtu. Nitajibu mimi."

Tulikimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Mashine ikashushwa na kufungwa. Abti akarudisha trela nyuma hadi ukingoni, safari hii mara moja tu. Nahodha aliwavisha watahiniwa jaketi, akanivisha mimi pia kwa kuwa nilikuwa wa kushika kamba. Kisha akapaza sauti: "Kizibo?"

"Kiko!" nikajibu.

Wenzangu, hapa ndipo ninaporuka kila ninapowasimulia. Kizibo kilikuwako kweli. Kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikitoa usiku kwa sababu ya mvua, na asubuhi hiyo, kwa usingizi na haraka, na kwa kutaka nionekane mtu wa maana mbele ya wale wasichana, nilijibu bila kuangalia.

Tulikuwa katikati ya maji ndipo msichana mmoja akasema polepole, "Viatu vyangu vimelowa." Nilitazama chini. Maji yalikuwa vifundoni. Moyo ulinipasuka paa! Hakuna hata mmoja kati yetu, ukimtoa nahodha, aliyejua kuogelea. Nahodha hakupiga kelele. Aliwaambia watahiniwa wasogee wote mbele, taratibu, mmoja mmoja, ili sehemu ya nyuma iinuke. Akaziba tundu kwa kisigino chake. Mkono mmoja uliendelea kushika usukani wa mashine. Mkono wa pili aliunyoosha kwangu, kiganja wazi, bila kunitazama.

Nilitia mkono mfukoni nikampa kizibo.

Tulifika. Watahiniwa waliruka wakakimbia kuelekea shuleni, sketi na suruali zimelowa hadi magotini, mifuko ya nailoni wameiinua juu ya vichwa. Yule msichana aligeuka mara moja akaniangalia. Hakusema kitu. Hadi leo sijui alipata alama gani, lakini ninajua aliingia chumba cha mtihani na viatu vilivyojaa maji, na kwamba maji hayo niliyamwaga mimi.

Nilingoja nahodha anishtaki kwa Abti. Hakunishtaki. Jioni, tukikausha nguo kando ya jiko, aliniambia hivi tu: "Bwana mdogo, ukiulizwa kizibo, usijibu kwa mdomo. Nenda ukakishike." Kila siku hadi mtihani ulipomalizika Novemba 24 aliwavusha wale watatu kwenda na kurudi, na kila mara nilikwenda nikakishika.

Mngedhani nilikuwa nimepata funzo. Bado.

Desemba 2 tulifika Kona Punda. Barabara ilikuwa imekatika. Lori na mabasi yalipanga foleni ndefu upande wa Madogo. Watu walisimama na watoto, mifuko na kuku, wakitazama bahari ndogo pale ambapo palikuwa na lami. Mashua yetu iliposhushwa, wengine walipiga makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuruka ndani. Ng'ambo ile mama alikuwa ananisubiri!

Watu wakapanda. Nahodha akahesabu jaketi, akahesabu vichwa. "Tumezidi mmoja," akasema, na akanitazama. "Teremka."

"Mimi?" nikafoka. "Nimelala na mashua hii siku kumi na tisa!"

"Jaketi ni kumi. Huyu mama ana mtoto mchanga. Teremka."

Watu walicheka. Niliteremka machozi yakinilengalenga. Hiyo ilikuwa zamu ya mwisho, kwa sababu hakukubali kuvusha watu gizani, hata walipomtolea pesa maradufu mbele ya macho yangu. Nililala tena ndani ya lori, nikitazama taa za Garissa ng'ambo, nikimlaani kimoyomoyo. Asubuhi alinivusha. Niliposhuka sikumpa mkono. Mama alinikumbatia, nami sikugeuka nyuma.

Miezi ikapita. Aprili 2024 mvua zikarudi, na Kona Punda ikakatika tena. Shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29. Jumapili ya tarehe 28 jioni nilikuwa nikipiga sare yangu pasi, simu ya mama ikaanza kupokea video moja, ikifuatwa na nyingine. Mashua iliyobeba watu wengi ilikuwa imezama hapo hapo Kona Punda. Haikuwa ile yetu. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba watu 23 wameokolewa. Wengine hawakuokolewa. Ufunguzi wa shule uliahirishwa, na mwishowe tukarudi darasani Mei 13.

Niliiangalia video ile mara moja tu, nikazima. Pasi iliunguza kola ya shati na sikuhisi hata harufu. Nilijiona mimi nikiwa pale ukingoni, nikimfokea mtu aliyekataa kunipakia. Nikayakumbuka pia yale ya Ayeyo kuhusu ngamia asiyelalamika.

Nahodha alikuwa ameshamaliza mkataba wake na kurudi kwao. Niliomba namba yake kwa Abti, nikampigia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya shukrani na ya kuomba radhi, kama ya insha. Aliposema "haloo" yote yalinitoka. Nikasema tu, "Ni mimi, yule wa siku kumi na tisa. Ulifanya vizuri kuniteremsha."

Alinyamaza kidogo. Kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, akaniuliza, "Kizibo kiko wapi?"

Nakomea hapo. Wenzangu, wengi wetu mtasafiri tena wakati wa mvua, kwa lori, kwa basi au kwa mashua. Mkiambiwa mteremke kwa sababu mmezidi, teremkeni. Kulala upande wa Madogo usiku mmoja si kitu. Garissa nilifika asubuhi.