Kambare wa Maji Yaendayo Mbio

Mimi ni mtu wa Rufiji. Kambare ninayemjua ni wa tope: mafuriko yakirudi mtoni, yeye hubaki kwenye dimbwi linalokauka, akivuta hewa kwa kiungo kilicho juu ya matamvua yake, na watoto humkamata kwa mikono. Nilipoambiwa ana ndugu aishiye kwenye maporomoko ya milima ya Nguru, sikutulia mpaka nilipofunga safari.

Basi liliiacha barabara ya Dodoma pale Magole, likapita mashamba ya mpunga na miwa hadi Turiani. Kutoka hapo ni miguu. Joto likapungua, harufu ya iliki ikanipokea, na mto niliusikia kabla sijauona. Kwetu mto hupita kimya na udongo wake. Huu ulinguruma, maji meupe yakirukia mawe, na baridi yake ikanipanda hadi magotini!

Nilikuwa nikikitazama kidimbwi kilichotulia. “Huko hakai, mwanangu,” akasema mzee mwenyeji wangu. “Njoo kwenye povu.” Akatega wavu mdogo upande wa chini, nami nikageuza mawe upande wa juu.

Akaingia mmoja, mdogo, kahawia mwenye madoa, bapa, macho utosini. Tulimtia katika beseni la maji pamoja na jiwe. Akalala juu ya jiwe, mapezi mapana ya kifuani na tumboni ameyatandaza. Nililiinamisha jiwe; akaganda palepale kama mjusi kafiri ukutani. Sharubu zake jozi 3, za kambare wetu jozi 4. Nilimshika kwa tahadhari, maana wetu ana mwiba unaochoma. Huyu hana kabisa. Mchana hujificha chini ya mawe, usiku hutoka kuwinda viluwiluwi vya wadudu. Wataalamu humwita Amphilius uranoscopus, na aliyemweleza mara ya kwanza, mwaka 1889, ni Georg Pfeffer wa Hamburg.

Punde akaanza kuhema. Kambare wetu angeshinda humo bila taabu, lakini huyu hutegemea hewa iliyochanganyika na maji yanayopigwapigwa na mawe. Tukamrudisha upesi. Mkondo haukumchukua, alizama moja kwa moja chini ya jiwe.

Tuliposhuka tulijaribu tena, mahali ambapo shamba limelimwa hadi ukingoni. Mianya ya chini ya mawe ilikuwa imejaa udongo, na wavu ukatoka na majani matupu.