Kamera ya Baba Ilivyonifundisha Kumwangalia Mtu

Mwenzenu napiga picha za harusi. Ndo kazi inayonilisha na kunilipia kodi hapa Mbeya. Sendofu, kicheni pati, ubarikio, mahafali, kote huko mtanikuta na kamera mbili za dijitali mabegani, nabonyeza tu. Harusi moja narudi nyumbani na picha elfu tatu. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anawezaje kukosa picha moja ya mama yake mzazi?

Ilinitokea Mei 2022. Mama alikuwa amefariki, nyumba yetu ya Katandala, Sumbawanga, imejaa watu, turubai limefungwa uani. Kaka yangu mkubwa akaniuliza mbele ya mashangazi: "Wewe si ndo mpiga picha? Tupe basi picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza."

Nikafungua simu. Nikafungua kompyuta. Mama yupo, tena mara nyingi tu. Yupo nyuma ya bibi harusi amebeba sinia la pilau. Yupo pembeni, nusu uso. Yupo kwenye picha kumi zilizofuatana ndani ya sekunde mbili, zote anaangalia kwingine, maana hakuna aliyemwambia kwamba anapigwa. Ile picha ambayo mimi na mama tumetulia, nimemwangalia naye akaniangalia, haikuwepo. Jamani, aibu niliyoipata siku ile siwezi kuieleza.

Baba hakusema kitu. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na picha moja nyeusi na nyeupe, kubwa kama daftari. Mama amesimama kwenye shamba la ulezi kule Pito, mwaka 1981, amevaa sweta la kuunganisha kwa mkono, anacheka mpaka macho yamefumba. Nyuma yake kuna milima ya Mbizi. Picha imetulia kiasi kwamba unaweza kuhesabu nyuzi za sweta.

"Nani alipiga hii, baba?"

"Mimi."

Miaka yote thelathini na kitu niliyoishi duniani, sikuwahi kujua kwamba baba yangu anajua kupiga picha.

Mzigo kutoka Moscow

Baada ya arobaini, wageni walipoondoka, nilimwomba anionyeshe hiyo kamera. Akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa mfuko wa ngozi uliokauka. Ndani mna kamera nzito, ya chuma tupu, imeandikwa Zorki-4 kwa herufi za Kirusi.

Baba alisomea kilimo Urusi miaka ya sabini, kwenye Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow. Alijibana kwenye posho yake ya mwanafunzi mpaka akainunua. Kamera hizi zilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia 1956 mpaka 1973, na ukoo wake unarudi kwa Leica, ile kamera ndogo ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Warusi waliiga, wakaongeza yao, wakauza kwa bei ya watu wa kawaida. Jina Zorki, baba akaniambia, kwa Kirusi maana yake ni mwenye macho makali.

Aina hii ya kamera inaitwa renjifainda. Haina betri, haina skrini, haikupimii mwanga wala haikutafutii fokasi. Unachungulia kwenye kidirisha, katikati unaona kiduara hafifu, na ndani ya kiduara hicho mtu wako yuko mara mbili, kama unavyoona ukiwa na homa kali. Unazungusha lenzi taratibu. Zile picha mbili zinasogeleana, zinasogeleana, mpaka zinalaliana na kuwa moja. Hapo ndo fokasi imekaa. Unafyatua.

Nilipochungulia mara ya kwanza nikamwona baba wawili wamekaa kwenye kiti kimoja. Nikazungusha mpaka akawa mmoja. Sijui niwaelezeje, lakini nilihisi kama nimemfikia.

Mkanda wa kwanza, giza tupu

Msidhani mambo yalinyooka. Kamera ilikuwa imelala miaka mingi, mafuta yameganda, ikabidi fundi mmoja mzee wa saa aifungue na kuisafisha. Mkanda nao ni mtihani. Zamani kila mji ulikuwa na studio za kuuza mikanda na kusafisha picha, lakini simu ziliua biashara ile. Mimi huwa naagiza kwa mtu anayetoka nje, bei inauma, na kila mkanda una picha 36 tu. Ya black and white naisafisha mwenyewe bafuni usiku, taa zimezimwa, kitambaa kimezibwa chini ya mlango.

Mkanda wangu wa kwanza niliupiga Sumbawanga siku tatu nzima. Soko kuu, mikokoteni ya ng'ombe, watoto wa shule na masweta yao asubuhi ya baridi. Nikarudi Mbeya kifua mbele. Nikausafisha, nikauanika, nikauangalia kwenye taa: hakuna kitu! Hata kivuli cha mbuzi hakuna!

Nikampigia baba karibu na kulia. Akauliza swali moja tu: "Mwanangu, kifuniko cha lenzi ulikitoa?"

Wapendwa, kwenye kamera ya namna hii huchungulii kupitia lenzi. Kidirisha kiko pembeni yake. Kwa hiyo unaweza kuwa umefunika lenzi gubi gubi na wewe bado unaona dunia yote inang'aa, unapanga watu, unafyatua, roho kwatu. Niliupiga mkanda mzima hivyo. Mtaalamu wa harusi!

Baba alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaweka simu chini, nikamsikia anamhadithia jirani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake tangu tumzike mama. Nikasema moyoni, kumbe mkanda ule haukupotea.

Kusubiri kumbe ni raha

Kuanzia hapo nikawa naenda Sumbawanga kila mwezi, na baba ndo mwalimu. Masharti yake yako wazi. Vuta mkanda kwanza, spidi upange baadaye, ukigeuza utaratibu huo unaweza kuharibu mashine. Mwanga usome kwa macho: mkanda wa 100, jua kali, lenzi 16, spidi 125. Likipita wingu zito, fungua mpaka 8. Na kule kwetu mtu asikudanganye kuhusu saa sita. Sumbawanga iko magharibi mno mwa nchi, saa ni zile zile za Dar, kwa hiyo jua la utosi ni la saa saba. Wakati wake mtamu ni kabla ya saa tatu asubuhi, hewa bado ya baridi, mji uko kama mita 1,800 juu ya bahari, na mwanga unapita chini chini juu ya majani.

Sokoni nako kuna ujanja wake. Unaweka lenzi 8, unaweka umbali wa mita nne, basi. Chochote kilicho kati ya mita tatu na sita kitatoka safi bila kugusa kitu. Badala ya kupapasa vitufe, nabaki na kazi moja, kuangalia watu na kujua nisimame wapi.

Lakini raha yenyewe hasa niliipata nje ya mji, njia ya Ntendo, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Muze kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Kulikuwa na bibi mmoja anapepeta ulezi nje ya nyumba yake. Zamani ningesimama mbali na lenzi ndefu, nikamimina picha hamsini, nikaondoka. Safari hii nilikuwa nimebakiwa na picha nne. Ikabidi nisogee, nipige goti, niseme shikamoo.

Mnajua mji wetu unavyotaniwa nchi nzima. Watu wakisikia Sumbawanga wanauliza habari za radi na uchawi, wakati jina lenyewe, kama wazee wanavyolieleza, linakutaka uutupe uchawi wako. Bibi akaitazama Zorki, akaniuliza: "Hiyo inachukua nini?" Nikamwambia inachukua sura tu, bibi, na sura nitakurudishia. Akasema sawa, lakini kaa kwanza. Nikakaa. Tukapepeta. Akanieleza wajukuu wake walivyotawanyika, Mpanda, Tunduma, Dar. Nilipoinua kamera nikaanza kuzungusha lenzi, alikuwa ananiangalia mimi, kamera ameshaisahau. Kitu kingine, hizi kamera hazina kile kioo kinachopiga giza unapofyatua. Sekunde ile ile ya picha unaendelea kumwona mtu. Nilimwona kabisa alivyoshusha pumzi.

Mwezi uliofuata nilimpelekea picha yake. Aliiweka kifuani, hakuniuliza bei.

Siri ya kicheko cha mama

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Jioni moja ya Julai, tumekaa jikoni kwa sababu ya baridi, mkaa unawaka, nikamuuliza baba kitu nilichokuwa nakiogopa. Ile picha ya Pito, mama alikuwa anacheka nini?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Alikuwa ananicheka mimi. Nilichelewa. Nilikuwa nataka iwe nzuri sana, nikawa nazungusha, nazungusha, mkono unatetemeka. Akasema, wewe mwanaume, nitazeeka nikiwa nimesimama hapa. Akaanza kucheka. Ndo nikafyatua."

Wote tukatazama moto.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Ile picha tuliyoiweka mbele ya jeneza, iliyowaliza watu wote pale uani, ilitoka kwa sababu baba alichelewa. Kama angekuwa na kamera zangu, angeshapiga picha kumi na tano kabla mama hajakumbuka kucheka. Mimi nilikuwa na mashine zenye mbio, nikawa na mama yangu kwa maelfu, na hata mara moja sikumfanya asubiri wala sikusubiri naye.

Sisemi mtupe simu zenu. Harusi bado napiga na dijitali, bibi harusi hawezi kungoja nizungushe lenzi wakati pete inaingia, na mteja anataka picha kesho. Kazi ni kazi. Ila hata huko nimebadilika. Siku hizi nashusha kamera kwanza, namwangalia mtu, namwita kwa jina, ndo napiga. Narudi na picha mia nane badala ya elfu tatu, na wateja wanasema zimekuwa na uhai.

Na nyumbani kwangu nimebadilika zaidi. Mume wangu alikuwa akilalamika kwamba nikiwa naye nakuwa kama niko kazini, macho yako kwenye skrini. Nilikuwa nambishia. Nimeacha kubisha.

Pasaka iliyopita nilimwambia baba, leo wewe ndo unipige. Akakataa. Macho yake yamechoka, amepita miaka sabini, anasema anaona ukungu tu. Lakini Zorki ina kijiti kidogo pale juu, chini ya kitufe cha kurudishia mkanda, unakisogeza na kidirisha kinajirekebisha kufuata macho ya mtu. Nikamwambia achungulie, nami nikawa nasogeza kile kijiti polepole. Bado? Bado. Bado? Bado.

"Hapo hapo," akasema. "Nakuona."

Akaanza kuzungusha lenzi. Alichelewa, jamani! Jua limenipiga usoni, shingo inauma, kuku wanapita miguuni, na yeye anazungusha tu. Nikajikuta nacheka.

Picha hiyo ninayo ukutani, imepinda kidogo na kichwa changu kimekatwa kwa juu. Ndo picha yangu ninayoipenda kuliko zote.

Mpenzi msomaji, kama mama yako yupo hai, au baba, au huyo uliyenaye hapo pembeni, nakuomba kitu kimoja. Usimvizie. Mwambie unataka kumpiga picha, kaa mbele yake, mpe muda wa kukuchoka na kukucheka. Piga moja tu. Kisha itoe, iwe ya kushikika, uiweke mahali ambapo siku ukiulizwa hutahangaika.