Dhahabu ya Kilwa Niliyoikuta Lisbon

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, nawaandikia kutoka Uholanzi. Masomo yanaendelea na baridi nimeanza kuizoea. Leo naweka kando habari za darasani niwasimulie safari ya mwisho wa wiki niliyokwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, pamoja na wanafunzi wenzangu wawili: kijana wa Malindi, na dada wa Msumbiji aliyekua akizungumza Kireno.

Mwanafunzi wa huku husafiri kwa kubana matumizi. Tiketi ya ndege hukatwa mapema ikiwa bado rahisi, begi huwa la mgongoni tu kwa sababu mzigo mkubwa hulipiwa, na malazi ni hosteli ya vitanda vya juu na chini, mnalala chumba kimoja na watu msiowajua. Tuliondoka Ijumaa jioni baada ya vipindi.

Lisbon ni mji wa vilima. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinateleza, na kuta nyingi zimepambwa kwa vigae vya rangi. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliuangusha mji huu, yakafuata mawimbi makubwa na moto. Katikati ya mji pakajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka. Alfama, mtaa wa zamani ulionusurika, bado una vichochoro vya kupindapinda na ngazi zisizoisha. Kijana wa Malindi aliuangalia akasema ni Mji wa Kale wa Mombasa uliopandishwa mlimani.

Jumamosi tulipanda tramu namba 15 hadi Belém, kando ya mto Tejo, mahali ambapo misafara ya baharia Mreno Vasco da Gama ilikuwa ikianzia. Hapo ipo Monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16. Gharama zake zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Asia, hasa viungo. Ndani ya kanisa limo kaburi la da Gama mwenyewe. Mwenzangu wa Malindi alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema neno. Aprili 1498 Mombasa ilimwonea mashaka mgeni huyo, lakini mfalme wa Malindi alimpokea, akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Msalaba wa Wareno ungali umesimama ufukweni kwao Malindi.

Lakini lililonifanya niwaandikie nililiona Jumapili, katika Jumba la Taifa la Sanaa za Kale. Katika kabati la kioo imewekwa monstransi ya dhahabu, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi Takatifu ili iabudiwe. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na sura yake na mavazi yake ya rangi, wadogo kiasi kwamba unalazimika kuinama ili uwaone nyuso. Chini, kwenye kitako, pana maandishi. Dada wa Msumbiji aliyasoma polepole, kwa kuwa ni Kireno cha zamani. Yanasema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliagiza chombo hicho kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Kilwa yetu, ndugu zangu! Mwaka 1502 da Gama alirudi na merikebu za vita, akamtisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, hadi akakubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Mwaka uliofuata dhahabu hiyo ikafika Lisbon, akakabidhiwa sonara Gil Vicente. Kabla kazi haijakamilika, mwaka 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliivamia Kilwa na askari wake wakaipora, kisha wakaichoma moto Mombasa. Na dhahabu yenyewe ilikuwa ikitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikishuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji, ambayo wafanyabiashara wa Kilwa waliishika. Sisi watatu tuliosimama pale, kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika habari hiyo.

Niliona fahari na uchungu kwa pamoja. Uchungu, kwa sababu mali ile ilichukuliwa kwa mtutu wa mzinga. Fahari, kwa sababu mfalme wa Ureno mwenyewe aliona jina la Kilwa linastahili kuandikwa kwenye dhahabu. Shuleni tulikariri mwaka aliofika da Gama, lakini hatukufundishwa alichokikuta: mji wa mawe wenye msikiti mkubwa na biashara iliyofika hadi Uchina.

Wapo watakaouliza kama chombo hicho kirudishwe. Mjadala huo ni wa haki na ufanyike. Lakini Kilwa yenyewe iko mikononi mwetu leo. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Ikiwa kazi hiyo iliwezekana, kuyatembelea kutatushindaje? Walimu, pangeni ziara za shule. Wazazi, likizo ijayo wavusheni watoto kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, waingie Msikiti Mkuu, waone bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, na waambiwe kwamba waliojenga ni watu wa pwani hii hii.

Wasalimieni wote, wakubwa kwa wadogo. Mungu akinijalia kurudi, ningefurahi watoto wa Lindi na Mtwara wanisimulie Kilwa kabla mimi sijawasimulia Lisbon.

Ndimi wenu, ughaibuni.