Mvulana na Kazi ya Uuguzi

Habari imekwisha kuenea katika mabweni yote kwamba mimi nataka kuwa mwuguzi, na tangu siku hiyo nimepewa majina mengi. Lile la "Sista" ndilo linalopendwa zaidi. Sichukii, maana kijana wa kidato cha 6 amekwisha kuzoea majina. Lakini wengi wenu karibuni mtajaza karatasi za kuchagua masomo, na wazee waliosoma hapa nao hulisoma gazeti hili na kuwashauri vijana wao. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze niliyoyachungua.

Kazi hii si ngeni katika mji wetu. Daktari Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, na katika msafara uliomleta alikuwamo mwuguzi, Katharine Timpson, ambaye walioana mwaka 1900. Mwaka 1902 radi iliichoma hospitali yao, wakajenga nyingine. Baadaye Bibi Cook akaanzisha shule ya wakunga. Masista walifungua hospitali Rubaga mwaka 1899, na Nsambya akafika Mama Kevin mwaka 1903. Reli, ambayo sote twaisifu, haikufika Kampala mpaka mwaka 1931. Labda ni kwa sababu ya mabibi hawa mashuhuri watu wadhani kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake tu.

Mimi nami nilidhani kazi yenyewe ni kutandika vitanda na kupima homa. Likizo ya Desemba iliyopita babu yangu alilazwa katika hospitali moja ya mjini, nami nikawa mwuguzaji wake wa nyumbani, kama ilivyo desturi yetu: nililala juu ya mkeka kando ya kitanda chake usiku tisa. Mwuguzi wa zamu ya usiku alikuwa mwanamume mwenye maneno machache. Usiku wa pili, alipokuwa akifunga dripu, aliniuliza kama najua hesabu. Nikajibu najua. Akasema, "Haya, kijana. Maji ni lita 1, yaingie kwa saa 8. Mpira huu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Niambie matone mangapi kwa dakika."

Nilitafuta karatasi. Lita 1 ni mililita 1,000, basi matone ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, utapata 41 na zaidi kidogo, yaani 42. Nilipoinua kichwa yeye alikuwa amekwisha kulipata jibu hilo kichwani, ameshika saa yake, anahesabu matone na kurekebisha kifungo cha mpira. Akanieleza kwamba maji yakimwingia mzee upesi mno, moyo wake waweza kushindwa na mapafu yakajaa. Kisha akaenda kitanda cha pili, chenye mtoto, na hesabu ya huko ilikuwa nyingine, maana ya mtoto hufuata uzito wake. Usiku ule wodi nzima ilimtegemea yeye na msichana mmoja mwanafunzi. Daktari alikuja asubuhi.

Njia za kuingia si moja. Kwa miaka mingi aliyemaliza kidato cha 4 aliweza kusomea cheti kwa miaka miwili na nusu, akiwa amefaulu Kiingereza, Hesabu, Biolojia, Kemia na Fizikia. Kwa hiyo ninyi wadogo mnaoitupa Kemia mapema, ngojeni kwanza. Diploma huchukua miaka mitatu. Shahada ya uuguzi ilianza Makerere mwaka 1993, nayo ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Mwenye cheti akitaka kupanda aweza kurudi shuleni na kupanda daraja baada ya daraja, nami naona njia hiyo ni nzuri kwa asiye na fedha nyingi, ingawa ni ndefu. Jambo moja msilisahau: kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, ulizeni kama chuo hicho kimesajiliwa. Pasipo hivyo, Baraza la Wauguzi na Wakunga halitakuandikisha, na asiyeandikishwa haruhusiwi kufanya kazi.

Sasa nije kwa Mzee wangu. Yeye ataka niwe mhandisi. Nilipomwambia nia yangu alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, nimekulipia ada miaka sita ili ukapanguse wagonjwa?" Kuhusu mshahara ana haki, na ni kweli kwamba wako waliohitimu wanaokaa nyumbani wakingoja nafasi. Lakini linalomsumbua hasa si hilo. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, wauguzi wa kike na wa kiume wa Hospitali ya Lacor walikufa, na Daktari Matthew Lukwiya akafuata tarehe 5 Desemba. Na Januari mwaka 2025, wa kwanza kujulikana kufa katika mlipuko wa mwaka huo hapa Kampala alikuwa mwuguzi wa Mulago, mwanamume wa miaka 32. Mzee aliisikia habari hiyo redioni na hakuisahau.

Sikuwa na jibu la kumwondolea hofu hiyo. Nilimwambia tu kwamba watu hujifunza namna ya kuvaa mavazi ya kinga na namna ya kuyavua, na kwamba kuyavua ndiko kugumu zaidi. Akaniuliza nimeyajuaje. Nikamwambia yule wa zamu ya usiku ndiye aliyenieleza. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza kama huyo ndiye aliyemhudumia baba mkwe wake. Nikaitika. Hakusema neno tena, wala Mzee.

Ameahidi kunijibu likizo ya Agosti. Ikiwa miongoni mwa wazee wa shule hii yuko aliye mwuguzi, namwomba aniandikie kwa anwani ya shule, kwa mkono wa mhariri, anieleze mshahara na zamu zake pasipo kuficha, maana barua hiyo nitampa Mzee aisome mwenyewe.