Upepo Upo, Nyaya Hazijafika

Kaka yangu,

Barua yako nimeipata hapa Hamburg, na swali lako nimelibeba wiki nzima: ikiwa Wajerumani wana upepo wote huo, mbona bado wanachoma makaa ya mawe?

Huku kaskazini upepo haukosekani. Ukipanda treni kuelekea Bahari ya Kaskazini, utaona mitambo ya upepo mashambani pande zote mbili za reli. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya stima iliyotumika nchini ilitokana na upepo, jua, maji na mimea. Lakini viwanda vingi vikubwa viko kusini, Bavaria na Baden-Württemberg, na nyaya za kuufikisha umeme huko hazitoshi. Kwa hiyo siku ya upepo mkali mitambo ya huku huamriwa isimame kwa kuwa laini zimejaa. Mwenye mtambo hulipwa fidia kwa umeme ambao hakuuzalisha, na papo hapo vituo vya gesi au makaa vya kusini huwashwa kuziba pengo, navyo hulipwa. Mwaka 2023 gharama za marekebisho haya zilipita euro bilioni 3. Anayezilipa ni mwananchi, kupitia bili yake. Inaniuma kila nikifikiria.

Laini iliyotarajiwa kuondoa shida hii inaitwa SuedLink, ya kilomita kama 700 kutoka Schleswig-Holstein hadi majimbo hayo mawili ya kusini. Ilipangwa iwe tayari mwaka 2022. Wanavijiji wakaandamana, hawataki minara ya nyaya karibu na nyumba zao. Mwishoni mwa 2015 sheria ikabadilishwa ili nyaya zifukiwe ardhini, na kazi ya kutafuta njia ikaanza karibu upya. Gharama zikapanda, na sasa wakulima wakawa na hofu yao: joto la nyaya litaufanya nini udongo? Tarehe inayotajwa leo ni mwisho wa 2028.

Wanavijiji siwalaumu, ardhi ni yao na wana haki ya kuuliza. Ninaowalaumu ni wakubwa wa Bavaria. Walipinga laini, na mwaka 2014 wakapitisha kanuni kwamba mtambo wa upepo ukae mbali na makazi mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200 ukahitaji kilomita 2, na katika jimbo lenye vijiji kila kona, mahali pa kuujenga pakawa shida kupatikana. Maombi ya vibali yakakauka. Kanuni hiyo ilianza kulegezwa 2022, baada ya gesi ya Urusi kukatika. Miaka minane ilikuwa imepita bure.

Nawe unajua kwamba hata kwetu Kenya yametokea. Kule Loiyangalani mitambo 365, ya megawati 310, ilikwisha kusimikwa mwaka 2017. Laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwapo. Fidia za ardhi zilikuwa zimekwama, na kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi ikafilisika kazi ikiwa njiani. Laini ilikamilika Septemba 2018, na kwa kuchelewa huko serikali ikadaiwa mabilioni ya shilingi, maana mkataba ulisema hivyo. Kisha mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikutolewa kwa kufuata sheria. Wenyeji walikuwa wakililalamikia jambo hilo tangu 2014.

Ndiyo maana habari yako ya wapimaji wa laini ya stima waliopita shambani kwa baba imenishtua. Usiwafukuze. Stima hiyo tunaihitaji, na laini lazima ipite mahali fulani. Ila waite mbele ya wazee na chifu kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa. Waulize itapita wapi hasa, fidia ni kiasi gani, italipwa lini na kwa jina la nani. Majibu yao yaandikwe na yatiwe sahihi. Nakala moja nitumie.

Nisalimie mama na watoto.

Mdogo wako,
Hamburg