Mama Naye ni Msafiri



Qur'ani Tukufu yatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi, tutazame na tuzingatie. Amri hiyo haikuwekewa sharti la kuwa mtembezi awe mwanamume. Hata hivyo, katika safari nyingi za jamaa zetu, baba huenda kutembea na mama huhamisha jiko: mahali pamebadilika, kazi ni ile ile.

Haya yalijitokeza mbele yetu tulipokuwa Maskati, Omani, mwezi wa Januari, wakati jua la huko limepoa. Tulikuwa watu kumi na wanne kutoka Mombasa na Malindi, wakubwa kwa wadogo, na muda wetu wa kukaa ulikuwa siku tatu tu. Siku ya pili tuliitenga kwa matembezi na pwani. Kwa kufuata sunna tulikuwa tumeshamteua amiri wa msafara, naye usiku wa kuamkia siku hiyo alitusomea mpango: msikiti, ngome, soko, kisha pwani hadi Magharibi. Alipouliza kama yuko mwenye neno, mama mmoja, aliyetuzidi sote kwa umri, alisema:

"Bwana Amiri, mpango ni mzuri. Lakini twataka kujua, huko pwani ni nani atakayekaa na watoto na vikapu? Maana kama ni sisi tangu mwanzo hadi mwisho, basi pwani ya namna hiyo tunayo kwetu."

Watu walicheka, ila mama mwenyewe hakucheka. Amiri alikuwa mtu wa busara. Pale pale aligawa zamu: nusu ya kwanza ya wakati wa pwani watoto na mizigo vitakuwa mikononi mwa akina baba, na nusu ya pili watu wote watakaa pamoja. Chakula kitanunuliwa, hakitapikwa.

Asubuhi tulianza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkuu lina uzito wa tani 21, na mikono iliyolifuma ni ya wanawake wapatao 600 wa Khorasan, nchini Iran, waliofanya kazi hiyo kwa miaka minne. Akina mama wetu walisimama hapo kwa muda mrefu kuliko sisi. Wawili kati yao hushona kofia za vito, na wanajua kofia moja nzuri huchukua miezi. Walilitazama zulia lile kwa jicho la mtu anayeijua kazi.

Kutoka hapo tulikwenda Maskati ya kale kuziona ngome za Jalali na Mirani zinazoikabili bahari. Wareno walioijenga Fort Jesus yetu ndio waliozijenga hizi katika karne ya 16. Waomani waliwatoa Maskati mwaka 1650, na Mombasa mwaka 1698. Watoto waliokuwa wakiisoma habari hii vitabuni waliigusa kwa macho yao.

Katika soko la Mutrah akina mama ndio waliokuwa walimu wetu. Walituonyesha ubani wa Dhofari, wakatueleza kwa nini ule mweupe unaoelekea ukijani huthaminiwa kuliko ule uliokoza rangi. Mzee mwenye duka, alipotusikia, alitujibu kwa Kiswahili, na bei ikashuka bila ya ugomvi.

Adhuhuri tuliswali nyuma ya imamu wa mji, tukatimiza rakaa nne. Kisha tuliikusanya nayo Alasiri kwa rakaa mbili, kwani tulikuwa wasafiri. Ruhusa hiyo ni zawadi ya Mola kwa waja wake, na kwa sababu yake pwani haikula wakati wa swala.

Pwani tuliyokwenda ni ya Qurum, na jina hilo kwa Kiarabu ni mikoko. Mikoko yenyewe ingalipo hapo karibu, imehifadhiwa, nasi tuliokulia katika nchi iliyokuwa ikipakia boriti majahazini kwenda Ghuba tulijiona hatuko ugenini. Akina mama walivua viatu, na kwa mabuibui yao na stara yao wakashika njia ya ukingoni mwa maji hadi penye watu wachache. Akina baba walibaki na watoto. Waliosha mchanga machoni, walitafuta kiatu kilichopotea, walisuluhisha ugomvi wa mpira, na kabla ya saa moja kuisha mmoja wao aliuliza kama zamu haijamalizika.

Mama yule mkubwa aliporudi alikaa juu ya jamvi, akatwambia kwa sauti ya chini: "Nyumba yangu na bahari haziko mbali. Lakini tangu niolewe, miaka arubaini na moja, leo ndiyo siku ya kwanza nimekwenda pwani mikono mitupu." Hakuna aliyepata la kumjibu.

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakashindana mbio, naye Bibi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume akashinda, akamwambia kuwa ushindi huu ni wa kulipa ule. Mtume alikuwa na umma mzima mabegani mwake, na bado alipata nafasi ya kumfurahisha mkewe njiani. Sisi wenye shughuli ndogo zaidi tuna udhuru gani?

Likizo za shule zinakaribia, na jamaa nyingi zitatoka, iwe ni Lamu, Diani au ng'ambo. Twawausia akina baba: kabla ya kufunga mizigo, kaeni na wake zenu na mama zenu, muwaulize wao wanataka kuona nini, na zamu za watoto zigawanywe mapema. Kununua chakula siku moja si israfu ikiwa kutampumzisha aliyepika mwaka mzima.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki safari zetu, aturejeshe majumbani kwa salama, na atujaalie tuwe wema zaidi kwa walio karibu nasi zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.